Mistari Arobaini ya Marudhachalam

Kila asubuhi, kabla hajaonja kahawa, mjomba wangu Marudhachalam aliwasha kompyuta kuukuu ya sebuleni, akasimama mbele yake akihesabu kwa vidole. Bilauri ya chuma ilikuwa mkononi, kahawa inatoa mvuke, naye hanywi mpaka skrini iandike kwamba programu imeamka. Siku nyingi alifika tisa. Akifika kumi na mbili alikunja uso, akaiweka bilauri chini na kuanza kutafuta kilichoichelewesha. Usiku aliizima, apate cha kuwasha kesho.

Mkewe alimcheka miaka yote.

"Wanaume wengine wanaamka na mke. Huyu wangu anaamka na sanduku."

"Sanduku likikataa kuamka halina kisingizio," mjomba alimjibu. "Wewe unacho kila siku."

Sanduku lenyewe alilichukua kiwandani walipokuwa wanatupa vitu. Lilikuwa la aina moja na kompyuta mbili zinazoendesha kiwanda, na mfumo wake ni ule ule wa zamani ambao siku hizi hauuzwi. Kiwanda ni cha kusokota nyuzi, hapa Coimbatore, na mimi ni mmoja wa wasichana wanaounga nyuzi zilizokatika. Mashine zetu hazizunguki mpaka programu izipe ruhusa. Programu hiyo, ule moyo wake wa ndani kabisa, aliiandika mjomba miaka ishirini na tatu iliyopita, na kila ilipowashwa iliwaka.

Hicho ndicho alichokuwa nacho. Nyumba ya kupanga, watoto hawakujaliwa, shahada hana. Alijifundisha kwenye vitabu vilivyochanika majalada. Lakini kiwandani mtu akisema "hii ni ya Marudhachalam", wote walijua maana yake: itawaka.

Na kuwasha si jambo la kila siku. Kiwanda kina zamu tatu, hakilali. Kinazimwa mara moja tu kwa mwaka, Sikukuu ya Zana, mashine zinapopakwa liwa na kuachwa zipumzike. Kesho yake asubuhi, siku tunayoiita ya ushindi, zinawashwa kwa saa njema aliyoichagua kuhani. Mzee Nachimuthu, mwenye kiwanda, hukianzisha kitu kipya siku hiyo na si nyingine. Mashine mpya, lori jipya, karani mpya, vyote husubiri.

Mwaka huu kitu kipya kilikuwa programu.

Ofisi ya kompyuta iko ndani ya ua wa kiwanda, watu sita, mjomba akiwa mmoja wao. Tangu mwaka juzi mkubwa wake ni Sanjeevan, aliyemwoa binti wa mwisho wa Mzee. Kijana safi, amesoma nje, anaongea haraka. Mbele yake watu wanamwita Bwana Sanjeevan. Akishapita wanamwita Mkwe. Mkwe alichukua programu ya mjomba, akaiongezea picha na rangi, akaihamishia kwenye hazina mpya ya kazi, na rekodi za nyuma za nani aliandika nini hakuzihamisha. Akasema itaanza kutumika sikukuu hii.

Mkaza mjomba hakuiona. Alifariki mwezi wa pili, ini. Kwa desturi yetu nyumba yenye msiba haina sikukuu mwaka mzima: hatuwashi taa, hatukaangi vitamu, na hatusogelei taa za wengine tusije tukawapelekea mkosi. Mjomba alifuata yote. Hata harusi ya mtoto wa jirani aliitazama kutoka dirishani, amesimama nyuma ya pazia ili asionekane.

Siku kumi kabla ya sikukuu aliipakia ile programu mpya kwenye kompyuta ya sebuleni. Nikamwona anahesabu. Tisa ikapita, kumi na mbili ikapita, vidole vikaisha mara ya pili akaanza upya. Skrini nyeusi, kimstari kimoja pembeni, kimetulia tu. Hakuna kosa lililoandikwa.

"Imekufa?" niliuliza.

"Ingekufa ingesema. Hii inasubiri."

"Inamsubiri nani?"

Akaketi. Alipenda kueleza, na tangu mkewe aondoke hakuwa na mwingine wa kumweleza.

"Chukua stoo ya kiwanda," alisema. "Mtunza stoo hatoi boksi mpaka kwanza afunge mlango kwa kufuli, watu wawili wasije wakachukua boksi moja. Sawa?"

"Sawa."

"Programu nayo ina mtunza stoo wake. Kila anayetaka kumbukumbu anamwomba yeye. Sasa ni asubuhi ya kwanza kabisa, programu ndiyo inafumbua macho. Anakuja wa kwanza kuomba. Mtunza stoo anasema ngoja nifunge mlango. Kufuli liko wapi? Kufuli jipya, bado liko ndani ya boksi. Boksi liko stoo. Anajiomba mwenyewe boksi. Anajijibu: ngoja nifunge mlango."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Atasimama hapo mpaka umeme ukatike. Na kwenye mifumo ya kisasa huwezi kuliona hilo, kwa sababu kule kufuli linakuja limeshatundikwa mlangoni. Laptopu ya Mkwe inawaka vizuri, za ofisini zote zinawaka. Mfumo huu wa zamani, na wa kiwandani, ndio ambao kufuli linaagizwa stoo."

"Na zamani ilikuwa inawakaje?"

"Nilimwachia mtunza stoo kijisehemu mfukoni. Kumbukumbu kidogo iliyo ndani ya programu yenyewe, haiombwi kwa mtu. Asubuhi ya kwanza anachukua humo, anatengeneza kufuli lake, halafu ndiyo anafungua kazi. Mistari arobaini." Aliinua uso. "Haimo. Ameifuta."

Mchana wa siku iliyofuata nilikwenda kula naye barazani pa ofisi, kama kawaida yetu. Bakuli lake lilikuwa limefungwa bado, yeye yuko ndani. Dirisha lilikuwa wazi, basi nikasikia.

"Nilisafisha, kaka," Mkwe alikuwa anasema. "Nimekuta kumbukumbu imetengwa, haitumiki na mtu. Nimepima mwenyewe. Mara elfu nimeiwasha, mara elfu ile sehemu haijaguswa."

"Kwenye laptopu yako, bwana."

"Laptopu, kompyuta za hapa, zote."

"Za kiwandani si hizi. Niruhusu niwashe moja ya kiwandani. Dakika kumi tu."

"Kuzima kiwanda? Unamjua baba mkwe wangu wewe? Na kuiwasha programu mpya kabla ya siku yake? Atanitoa damu."

"Basi njoo kwangu. Ninayo kompyuta kama zile. Uione kwa macho yako, mara moja tu."

Halafu Mkwe akasema kwa sauti ya chini, na nadhani hakukusudia ubaya:

"Kwako, kaka... wiki ya sikukuu? Nitoke kwenye nyumba yako niingie kwenye maombi ya Mzee?"

"Basi niilete hapa."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Baada ya sikukuu tutaangalia. Nakuahidi."

"Baada ya sikukuu itakuwa imeshakataa kuwaka. Na jina lililoandikwa juu ya sehemu ile ni langu."

"Kaka Marudhachalam, wewe huu mwaka umechoka. Kila mtu anaelewa. Nenda ukale."

Mjomba akatoka. Akalifungua bakuli, akalitazama, akalifunga tena. Chellakkannu, mama mmoja wa zamu yetu ambaye ulimi wake hauna likizo, alikuwa anapita na ndoo.

"Marudhachalam! Sura hiyo umeazima wapi? Irudishe, mwenyewe anaitafuta."

"Chellakkannu, siku ya kuwasha mashine zikigoma utanilaani?"

"Zikigoma nitakaa nile dengu. Kwani za kwako zimegoma lini?"

Siku zilizofuata aliomba tena mara mbili. Mara ya kwanza Mkwe alikuwa na wageni. Ya pili mjomba alimwandikia barua Mzee Nachimuthu mwenyewe, ukurasa mzima, mwandiko mzuri. Karani wa Mzee aliirudisha bila kufunguliwa. Kwa sababu ya msiba, alisema, mpaka sikukuu ipite.

Siku ya Zana saa tisa alasiri walizima. Aliyefanya kazi kiwandani anajua: kelele ile unaizoea mpaka huisikii, kisha inakatika na masikio yanauma. Tulifagia pamba chini ya mashine, tukazipaka liwa na unga mwekundu, tukazivika asumini. Chumba cha kompyuta nacho kilipambwa, seva, zile kompyuta mbili za kuendesha kiwanda, zikachorwa mistari mitatu ya majivu kwenye paji, kama waumini. Bisi za mchele zikagawiwa na sukari guru. Mimi nami ni wa nyumba yenye msiba, kwa hiyo nilifagia tu, sikupaka. Msimamizi alinipa bisi zangu kwenye gazeti, akaliweka chini ili mikono yetu isigusane.

Mjomba alikuwa nyumbani. Niliporudi alikuwa ameirudisha mistari yake kwenye programu mpya na kuipakia kwenye kompyuta yetu. Imewaka. Vidole tisa.

"Kesho nitakaa kwenye kibanda cha mlinzi," alisema. "Ndani siingii. Wakinihitaji niko karibu."

Saa njema ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Wafanyakazi wote tulisimama kwenye korido ndefu inayopita chumba cha kompyuta, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Kuhani akasoma, akazungusha moto wa kafuri, Mzee Nachimuthu akafumba macho, akabonyeza kitufe kwa kidole chenye liwa. Tukapiga makofi.

Kisha tukasubiri. Hakuna kilichozunguka.

Mkwe akainama kwenye skrini. Akazima, akawasha. Akazima kompyuta ya pili, akawasha. Kutoka nilipokuwa niliiona skrini: nyeusi, kimstari kimoja pembeni.

"Nini?" Mzee aliuliza.

"Inafikiri, baba."

"Inafikiri nini? Inajua kazi yake au haijui?"

Ndipo minong'ono ikaanza, nami nikausikia wa kwanza ukitoka nyuma yangu, sauti ya mwanamke nisiyemjua: "Si ameitengeneza yule aliyefiwa." Ukapita korido nzima kama moto kwenye pamba. Aliyefiwa. Mkono wenye msiba. Mwaka mzima sasa umeingia mkosi. Chellakkannu akageuka: "Nyamazeni, mmeanza lini kuelewa kompyuta ninyi?" Akanyamazishwa yeye.

Mkwe alitaka kurudisha programu ya zamani. Mzee akamkatalia. "Siku ya ushindi nianze na kitu cha zamani? Saa njema inaisha saa nne na nusu. Fanya ya kufanya."

Mkwe alikuwa analowa jasho shingoni. Akamnong'oneza mlinzi, mlinzi akakimbia.

Mjomba alikuja amevaa shati lake jeupe, ndala mkononi. Watu walimpisha, wakampisha zaidi ya mwili wake unavyohitaji. Alipofika mlangoni pa chumba cha kompyuta, kuhani akainua kiganja.

"Hapo hapo."

Mjomba akasimama.

"Yeye ndiye anajua," Mkwe alisema.

"Ajue akiwa hapo," kuhani akajibu, na Mzee akatikisa kichwa kukubali, hakumtazama mjomba.

Basi ikawa hivyo. Mkwe akaketi kwenye kiti, mgongo mlangoni. Mjomba akasimama nje ya kizingiti, asiione skrini, akafumba macho na kumsomea mistari arobaini kutoka kichwani.

"Tenga baiti elfu nane. Ziwe ndani ya programu, usiziombe kwa mtu."

"Nimetenga."

"Weka alama, iite bado_hatujaamka. Ianze na moja."

"Moja... sawa."

"Mtu akiomba kumbukumbu na alama bado ni moja, mpe kutoka kwenye hizo elfu nane. Usifunge mlango. Usiguse kufuli lolote."

"Polepole, kaka. Mabano yanafungwa wapi?"

"Baada ya neno la tatu. Umeandika la tatu?"

"La pili."

"Nasubiri."

Kijana mmoja wa ofisi akacheka, akakohoa kuficha. Korido ilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia vitufe. Mjomba alitaja kila kituo, kila mkato. Alipofika mstari wa ishirini na sita Mkwe akasema huu wa nini, hauhitajiki, na mjomba bila kufungua macho akasema: "Huo ni wa mtu anayerudisha kumbukumbu aliyopewa asubuhi ile. Usipouandika itawaka leo, itaanguka kesho." Mkwe akauandika.

Saa nne na dakika tano alimaliza. Mkwe akabonyeza. Mimi nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wangu. Nilikuwa kwenye nane sakafu ilipoanza kutetemeka, halafu mashine zote, safu moja baada ya nyingine, zikaingia kwenye kelele yao.

Watu walipiga kelele kuzishinda mashine. Mzee Nachimuthu alimkumbatia mkwewe. Karani akaleta shali la hariri lenye pindo la dhahabu, lile lililoandaliwa kwa mgeni wa heshima, na Mzee akamvisha Mkwe mabegani kwa mikono yake. Alisema kwa sauti, tusikie wote, kwamba mkosi ulikuja mpaka mlangoni na mtoto wake akauondoa. Akamlisha kitamu mdomoni. Makofi tena.

Mjomba alikuwa bado amesimama pale pale nje ya kizingiti. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Alingoja mpaka Mkwe alipotoka, amebeba ncha za shali zisiburute.

"Bwana Sanjeevan."

"Kaka! Asante. Asante sana, umenisaidia."

"Mwambie Mzee nani aliiandika mistari ile mara ya kwanza. Na nani aliifuta. Sitaki kingine."

Mkwe akatazama nyuma. Mzee alikuwa anagawa kitamu kwa kuhani.

"Kaka, si leo."

"Wanasema ni mkono wangu wenye msiba. Umewasikia."

"Watu ni watu, watasahau. Leo ni siku njema, nisiiharibu. Wiki ijayo nitamweleza vizuri, tukiwa wawili."

"Mwambie sasa. Ni maneno matano."

Mkwe alifungua mdomo. Nilimwona. Ilikuwa karibu kutoka. Kisha Mzee akaita, "Mwanangu!", naye akageuka na kwenda.

Mzee alimwona mjomba sasa, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakumkaripia. Alizungumza kwa upole, na upole ule ndio ninaouchukia mpaka leo.

"Marudhachalam. Sikulaumu. Mtu hachagui msiba. Lakini kaa nyumbani mpaka mwaka wako uishe. Mwezi wa pili, fanyeni kisomo cha mwaka, jitakase, kisha urudi. Kazi yako ataishika Sanjeevan, umeona mwenyewe anaiweza."

Mjomba alimwangalia. Nilidhani atasema. Miaka ishirini na tatu, nilidhani yamejaa na yatamwagika yote. Alichosema ni:

"Kompyuta ya pili hamjaizima na kuiwasha na mistari mipya. Izimeni muiwashe. Msiiache hivyo."

"Sanjeevan ataangalia," Mzee alisema, akamgeukia mwingine.

Msimamizi alipiga kipenga. Mashine zinazunguka, nyuzi zinakatika, hakuna aliyekuwa kwenye nafasi yake. Nilikimbilia kwenye yangu. Dirisha la safu yetu linatazama lango. Kati ya uzi na uzi nilimwona akivuka ua.

Langoni walikuwa wamelipasua boga la sikukuu, lile linalojazwa unga mwekundu na kupigwa chini lichukue husuda. Vipande vimezagaa njia nzima, vyekundu. Atakayevikanyaga anabeba husuda ya kiwanda kizima. Mlinzi alisema kitu, labda alimwuliza kama atarudi zamu ya mchana. Mjomba alivaa ndala zake. Akatafuta pa kuweka mguu, hapa, kisha pale, polepole kama mtu anayevuka matope, hakugusa hata kipande kimoja. Akatoka.

Nyumbani kwetu ni kulia. Yeye alikata kushoto, upande wa barabara ya Palladam, mikono mitupu, shati jeupe. Uzi wangu ulikatika, nikainama kuuunga. Nilipoinua kichwa lango lilikuwa tupu.

Kazini hakurudi. Nyumbani pia hakurudi.